Foleni ya ndoo: kisa cha Idd Pili kwenye treni ya watoto

Kisa hiki kilitokea Arusha siku ya Idd Pili, kwenye uwanja wa burudani za watoto ulioko nje kidogo ya mji. Jina la uwanja nitaliacha. Waliokuwa zamu siku ile hawakuwa wabaya kuliko wa kwingine, na baadaye walitusikiliza. Ninaandika kwa sababu nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi, na wazazi wengi wameshaniambia kwa sauti ya chini kwamba sikukuu hawatoki na mtoto. "Mwalimu, tunamwacha na bibi yake, ni usumbufu." Siku ile niliuona huo usumbufu tangu mwanzo hadi mwisho, na nadhani nimeelewa unatokea wapi.

Tulikuwa watu wazima watatu, mimi na kina mama wawili, na watoto wanne. Binti ana miaka 12 na ana mtindio wa ubongo. Anatumia kiti mwendo, maneno yake hutoka taratibu, na ukimpa nafasi ya kumaliza sentensi utagundua kuwa alishakuelewa kabla hujamaliza yako. Alifuatana na binamu yake wa miaka 13, wanaoitana dada na wasioachana. Kijana ana miaka 8 na ana usonji (autism), yaani ubongo wake unakua kwa namna tofauti na ya wengi. Anakimbia, anapanda miti, anasoma namba zote anazoziona ukutani na kwenye magari, ila kuongea huongea kidogo sana. Nyumbani hupanga vizibo vya soda sakafuni mstari mrefu, akavisukuma kimoja kimoja akisema "treni". Dada yake wa miaka 10 ndiye anayemfasiri.

Vifodi, zile daladala ndogo, vilikataa kutuchukua kwa ajili ya kiti, hivyo tukakodi bajaji mbili. Kiti cha binti ni cha magurudumu matatu, kirefu, gurudumu moja liko mbele kabisa. Alipimiwa Moshi, pale KCMC, ambako kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Kiti cha aina hiyo hakikunjiki, kwa hiyo dereva alikifunga nyuma ya bajaji kwa mpira. Alikifunga vizuri, na njiani alisimama mara mbili kukikagua bila kuambiwa.

Getini

Masika yalikuwa yameshaanza. Mvua ya alfajiri iliacha udongo mweusi umelowa, na foleni ya tiketi ilikuwa imefika barabarani. Mlinzi, baba wa makamo, alikiona kiti akapaza sauti: "Mpisheni mlemavu jamani, mpisheni!" Watu wakasogea. Kabla mama yake hajasema neno, mlinzi alishashika vishikio vya kiti na kumsukuma binti mpaka dirishani. Dada wa tiketi akachungulia. "Huyu aingie bure. Ni sikukuu." Mama alikuwa na noti ya elfu tano mkononi. Aliinyoosha, ikarudishwa, akaikunja akashukuru. Mama na binti wakaingizwa ndani.

Sisi wengine tulibaki kwenye foleni karibu dakika arobaini, binamu akiwa nasi. Kwa muda wote huo binti alikuwa upande wa pili wa uzio akitutazama. Watu wote waliompisha walimpisha kwa moyo safi, naamini hivyo kabisa. Lakini walimfikisha haraka mahali ambapo hakuwa na mtu wa kucheza naye.

Kwenye treni

Treni ile ndiyo kila mtoto aliyoijia. Ina mabehewa matano, watoto wanne kila behewa, inazunguka bwawa dogo na kurudi. Mzunguko mmoja ni dakika tano, kushusha na kupakia ni dakika tatu. Foleni yake inapita katikati ya vyuma vilivyochomelewa, ikipinda na kurudi mara nne, kisha unapanda ngazi mbili kufika jukwaani.

Kiti cha binti hakikuingia kwenye vile vyuma. Wiki iliyofuata nilirudi na futi nikapima: kati ya chuma na chuma ni sentimita 57, na kiti chake, gurudumu hadi gurudumu, ni sentimita 66. Hata kama kingeingia, pale kwenye kona kisingegeuka, maana gurudumu la mbele linalokifanya kipite kwenye matope na kokoto ndilo linalokifanya kihitaji nafasi kubwa ya kuzungukia. Vijana wawili wa uwanja waliona shida hiyo, wakafanya walichoona ni msaada. Mmoja alimshika binti makwapani, mwingine miguuni, wakamnyanyua kupitia mlango wa kutokea. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemtazama usoni. Mguu wake wa kushoto ulinasa kwenye kikanyagio, kiatu kikachomoka kikaanguka kwenye tope, na binti, ambaye misuli yake hukakamaa akishtuka, akakakamaa mwili mzima. Watu kwenye foleni wakapiga makofi kumshangilia. Akapanda treni peke yake, kiatu kimoja mguuni, akazunguka bwawa.

Aliposhushwa alimwambia mama yake jambo, akalirudia mara tatu mpaka likaeleweka: "Nataka kukaa na dada." Dada alikuwa bado kwenye foleni, amefika kona ya pili, anacheka na wenzake na kula ubuyu. Ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kwa mtoto wa miaka 12, foleni ni nusu ya safari. Ndimo wanamosengenyana, wanamosukumana, wanamochagua behewa la kukaa. Sisi tulimwondolea hiyo nusu tukidhani tunamwondolea mzigo.

Kijana hali yake ilikuwa kinyume. Hakuna aliyemtangulizia chochote. Aliingia kwenye vyuma na mama na dada yake, watoto kama mia wakiwa mbele yao. Juu ya vyuma kulikuwa na spika, na nyuma ya ukuta jenereta. Kwa dakika kumi alivumilia, akiwa ameziba masikio na kutazama treni. Mtu wa nyuma alipomgusa bega, akaanza kutoa ile sauti yake ninayoijua, nyembamba na isiyokatika. Mama yake akasogea hadi kwa kijana mhudumu wa treni.

"Kaka samahani, mwanangu ana usonji. Kusimama hapa hawezi. Naomba tusubiri pale pembeni, zamu yetu ikifika utuite."

"Usonji ndiyo nini mama? Mbona mzima huyu, si nimemwona anakimbia?"

Nyuma yao mtu akasema foleni ni foleni. Mwanamke mwingine, mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akasema kwa hasira: "Na sisi tuna watoto. Tumekuja tangu asubuhi." Kijana wetu akajilaza chini, kwenye zege lililolowa, akafunika kichwa kwa mikono. Mlinzi akaja, na safari hii hakusema mpisheni. Alisema, "Mama, mtoto mtoe, anatisha wenzake." Wakatoka. Tiketi zao tatu za treni hazikurudishiwa fedha, kwa kuwa zilishachanwa. Tulipokuwa tunaondoka kijana alikuwa amegeuza shingo nyuma mpaka treni ikapotea, akisema "treni, treni, treni".

Kilichoharibika

Nianze na sehemu yangu. Niliwahamasisha kina mama hawa watoke, lakini sikwenda siku moja kabla kuutazama uwanja, wala sikupiga simu. Nisingekubali kupeleka darasa zima mahali nisipopajua. Watoto wawili niliwapeleka.

Nikirudi kwenye uwanja, watu wengi niliowasimulia wanaishia kumlaumu mlinzi au yule mwanamke mwenye watoto wawili. Mimi siwezi. Mlinzi alikuwa na kitu kimoja tu cha kufanyia kazi, nacho ni huruma. Hakuna aliyewahi kumpa maelekezo. Huruma huamshwa na kinachoonekana, kwa hiyo iliamshwa na kiti mwendo ikalala mbele ya mtoto anayekimbia. Na hata ilipoamka haikuuliza, kwa sababu mtu anayetoa sadaka hamuulizi anayepokea angependa nini. Binti aliruka foleni asiyotaka kuiruka. Kijana aliyehitaji njia nyingine akaambiwa ni mzima. Makosa mawili yanayoonekana kupingana, na yametoka kwenye chungu kimoja.

Yule mwanamke naye alikuwa na haki ya hasira. Sisi tumezoea kurukwa. Ofisini anaingia anayejuana na mkubwa, hospitali anaitwa kwa mlango wa nyuma mtu ambaye hukumwona amekaa, kwenye petroli ikiadimika madumu yanapita gizani. Mtu aliyesimama saa nzima akiona mama anamnong'oneza mhudumu, anajua hadithi hiyo inavyoishia. Kwa hiyo utaratibu wowote unaowekwa kwa ajili ya mtoto kama huyu lazima waliosimama kwenye foleni wauone kwa macho na waukubali. Ukifanyika kwa kunong'ona, utachukiwa hata kama ni wa haki.

Sasa swali lenyewe. Mama wa kijana aliomba nini? Rudia maneno yake. Hakuomba kupanda kwanza. Aliomba kusubiri pembeni. Kinachomshinda mwanawe ni vyuma, kelele na bega kuguswa. Kusubiri anaweza, akijua anasubiri nini. Na kinachomshinda binti ni vyuma na ngazi, hakuna kingine.

Utaratibu wa kutenganisha kusubiri na kusimama hatuhitaji kuuazima popote, maana kila mtaa wenye shida ya maji unao. Nimekulia kwenye foleni ya bombani. Unafika alfajiri, unaweka ndoo yako nyuma ya ndoo ya mwisho, unaiangalia ndoo iliyo mbele yako ili uijue, kisha unakwenda kukaa kivulini. Ndoo inasimama, mtu anakaa. Bibi mwenye magoti mabovu, mjamzito, mtoto aliyetumwa, wote wamo kwenye foleni ileile, hakuna aliyempita mwenzake, na hakuna anayenung'unika kwa kuwa ndoo zote zinaonekana. Kwenye mashine ya kusaga ni vilevile, debe lako linashika nafasi. Na bombani kuna sheria nyingine ambayo kila mtu anaijua bila kuandikwa: maji yakiwa haba, ndoo moja kwa mtu mmoja mpaka mzunguko uishe.

Kule kwenye viwanja vikubwa

Nilipoanza kusoma kuhusu jambo hili nilishangaa kuona kwamba viwanja vya Disney kule Marekani, vyenye fedha na wahandisi wote wale, vilipita njia ndefu kufika kwenye ndoo. Kwa miaka mingi walikuwa na kadi ya wageni wenye ulemavu ambayo kwa vitendo ilimpeleka mwenye nayo mbele kwa njia ya pembeni. Mwaka 2013 gazeti la New York Post liliandika kwamba matajiri wanakodi watu wenye ulemavu wafuatane nao ili familia zao ziruke foleni, kwa dola 130 kwa saa. Upimaji wa Disney wenyewe wa mwaka huo, ambao baadaye ulitajwa mahakamani, ulionyesha kuwa wenye kadi walikuwa kama asilimia 3 ya wageni wote, lakini kwenye mchezo mmoja uliopendwa sana walichukua karibu asilimia 30 ya nafasi. Oktoba 2013 wakaiondoa kadi hiyo. Utaratibu mpya ulikuwa huu: unakwenda kwenye mchezo, unapewa saa ya kurudi inayolingana na urefu wa foleni, unakwenda kukaa unakotaka, na huwezi kuchukua saa nyingine mpaka hiyo uitumie. Ndoo moja kwa mtu mmoja.

Haukumaliza kila kitu. Wazazi wa watoto na vijana wenye usonji walishtaki. Hoja yao naielewa sana: kuna mtoto asiyejua maana ya "rudi baada ya saa moja", na kuna mtoto ambaye lazima azunguke michezo kwa mpangilio uleule kila mara, ukimwambia aanze na mwingine siku nzima imekwisha. Mwaka 2020 jaji wa shirikisho huko Florida aliamua kesi moja ya namna hiyo kwa upande wa Disney, akisema kumpa mtu kuingia mbele bila kikomo kungebadilisha kiini cha huduma kwa wageni wote. Kisha mwaka 2024 Disney wakabana zaidi. Utaratibu ule wa saa ya kurudi wakaubakiza hasa kwa wenye changamoto za ukuaji kama usonji, na wengi wenye viti mwendo walikuwa wameshaelekezwa kwenye foleni ya kawaida tangu kadi ya zamani ilipoondolewa, kwa hoja kwamba foleni nyingi za kule zimejengwa kiti kikapita.

Hapo ndipo ninaposimama kidogo kila nikiisoma habari hii. Foleni inayopitisha kiti mwendo ingempa binti wetu kile hasa alichokitaka, kukaa na dada yake. Kule wamefika mahali pa kuweza kusema "kaa kwenye foleni na wenzako", kwa sababu kwanza walitengeneza njia. Hapa kwetu huwezi kumwambia mtoto maneno hayo ukiwa na vyuma vya sentimita 57.

Uingereza, kwenye uwanja wa Alton Towers, nimejifunza namna nyingine waliyowahi kuitumia, iliyonivutia zaidi. Mwenye kadi alipanda kwanza, kisha mhudumu alimwandikia ule muda ambao angekaa kwenye foleni, na hakuweza kupanda mchezo mwingine mpaka muda huo upite. Deni lililipwa baadaye. Kwa mtoto asiyeweza kusubiri kitu anachokiona mbele ya macho yake, hiyo ni tofauti kubwa mno. Ila inahitaji mhudumu anayejua kueleza kwa waliosimama, la sivyo tunarudi kwenye kunong'ona.

Sheria zetu hazina upungufu mkubwa kwenye hili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 30 kinataja wazi kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeyaweka michezo na mapumziko kwenye orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kama mambo ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Nilimsomea mama wa kijana sehemu hiyo. Akasema, "Kumbe na mimi nawajibika? Mbona nilijiona kama ninaomba omba?"

Kwa meneja

Tulikwenda Jumanne, siku isiyo na watu. Meneja alitukaribisha kwa chai. Nilimweleza kisa bila kumtaja kijana wake yeyote kwa ubaya. Hofu yake aliisema moja kwa moja.

"Mwalimu, nikianza kutoa kadi, sikukuu ijayo nusu ya mji itakuja inachechemea. Nitawadai vyeti vya daktari?"

Nilimwomba asidai. Cheti cha usonji ni safari ya miezi kwa mzazi wa kawaida, na kuna watoto kwenye kitengo changu ambao hadi leo hawana karatasi. Tena jina la ugonjwa halimsaidii kijana wa treni. Kinachomsaidia ni swali moja: "Kwenye foleni hii, nini kitakachomshinda?" Mzazi atajibu kwa sentensi moja, na jibu ndilo linaloonyesha cha kufanya. Kuhusu wanaochechemea, nikampa habari ya ndoo. Kadi isiyompunguzia mtu hata dakika moja ina nini cha kuibiwa? Alinyamaza, akacheka, akasema kwao pia wamekulia bombani.

Tukatembea naye uwanjani na futi. Ngazi mbili za jukwaa zina urefu wa sentimita 30 kwa jumla. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa njia ya mteremko ni kimo kimoja kwa urefu wa kumi na mbili, yaani sentimita 30 zinataka njia ya mita 3 na sentimita 60. Fupi zaidi ya hapo, mama hawezi kusukuma, na kurudi chini kiti kinamvuta. Fundi wake alikuwa ameshaanza kuwaza ya mita moja na nusu. Upande wa mlango wa kutokea palikuwa na nafasi tele.

Choo kilikuwa jambo gumu zaidi. Milango ni myembamba, ndani ni vyoo vya kuchuchumaa, na mlangoni kuna kizingiti. Hapo ndipo mama wa binti aliposema jambo ambalo hakuwa amelisema siku zote za kufahamiana kwetu. Siku ya Idd Pili binti hakunywa kitu tangu saa moja asubuhi. Hawanywi maji wakitoka, yeye na mama yake walishakubaliana hivyo miaka mingi. Mama alilisema kama mtu anayeeleza namna anavyofunga mlango wa nyumba. Meneja aliweka kikombe chini. Aliahidi choo kimoja kitabomolewa na kujengwa upya, ila si kabla ya Krismasi, fedha hakuna.

Idd el-Hajj

Tulirudi Idd el-Hajj, kama miezi miwili baadaye. Njia ya mbao ilikuwepo, ya mita tatu na nusu na ushee, imepigiliwa mipira ya tairi ili isiteleze. Safu moja ya vyuma ilikuwa imekatwa na kusogezwa. Chini ya mti palifungwa turubai na mabenchi mawili. Spika iligeuzwa ikaangalia barabara. Getini kulikuwa na kadi kumi na mbili za plastiki ya manjano, kubwa kiasi cha kuonekana kutoka mwisho wa foleni, na mlinzi yuleyule alikuwa na daftari. Alimwinamia binti akamwuliza yeye, si mama yake: "Mwanangu, nikusaidieje leo?" Binti akachukua muda wake kujibu, na mlinzi akasubiri mpaka mwisho. Jibu lilikuwa kwamba hataki kitu, anataka tiketi.

Tulilipa wote.

Mambo hayakwenda sawa moja kwa moja. Walikuwa wameamua kuandika saa ya kurudi kwenye kadi, kama nilivyowasimulia ya kule Marekani. Kabla hatujafika jenereta lilizima, treni ikasimama nusu saa, na saa zote zilizoandikwa zikawa za uongo. Wenye kadi wakajaa mlangoni kwa pamoja, kelele zikaanza. Kijana wa treni, yule aliyeuliza usonji ndiyo nini, ndiye aliyepata dawa. Aliomba ubao mweusi uliokuwa unaandikwa bei za chipsi, akafuta, akaandika namba ya raundi kwa chaki. Kadi nazo akazibadilisha: badala ya saa, raundi. Raundi haidanganyi jenereta likizima. Inasimama na treni, inaondoka na treni. Ni ndoo kabisa, na mimi niliyehubiri habari za ndoo sikuliona hilo.

Hadi saa kumi jioni zilitoka kadi tisa. Bibi mmoja wa magoti na wajukuu zake. Mjamzito. Baba mwenye mtoto asiyeona aliyetaka kujua tu kama atamwelekeza mwanawe kuzunguka jukwaa kabla ya kupanda. Mwanamume mmoja mwenye haraka aliulizwa kitakachomshinda kwenye foleni, akasema ana shughuli mjini. Akaelezwa kwamba kadi haipunguzi muda. Akarudi kwenye foleni bila ugomvi.

Kijana alipewa raundi ya 14. Ubao ulikuwa unaonyesha 9. Tulikaa naye chini ya turubai, na nilikuwa nimejiandaa na vizibo vya soda na maneno ya kumtuliza. Havikuhitajika. Yeye ni mtoto wa namba. Treni iliporudi na chaki ikaandika 10, alisema "kumi". Akatazama kadi yake, akatazama ubao. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kwa dakika arobaini hakuziba masikio hata mara moja, na alipoona 14 alisimama mwenyewe, akamshika dada yake mkono, akatembea hadi kwenye mlango wa kutokea na kadi mbele ya kifua. Mwanamke mmoja kwenye foleni aliiona kadi, akahesabu kwa kidole, akamwambia mwenzake, "Yule ni wa mbele yetu, ni zamu yake." Kijana alikaa behewa la kwanza. Uso wake sijui niueleze vipi. Mama yake aligeukia ukuta.

Binti alikuwa kwenye vyuma, kona ya tatu, na binamu yake. Jua lilikuwa kali na alilalamika kama wengine. Walipofika mbele alipanda njia ya mbao akisukumwa na binamu, na kuhamia behewani alielekeza mwenyewe nani ashike wapi. Waliposhuka walikuja turubai, wote wamechoka, na mama akawafungulia soda. Binamu aliimaliza ya kwake kwa pumzi moja. Binti aliishika ya kwake, akauliza kwanza kama choo kimeshatengenezwa. Mama akatikisa kichwa. Akanywa mafunda mawili, akairudisha.